Maji ya Majivu na Moyo wa Bibi

Kwa karibu miaka miwili nilijishughulisha na protini moja tu. Imepenya utando wa seli ya moyo, na kazi yake ni kutoa ioni tatu za sodiamu nje na kuingiza mbili za potasiamu ndani, mchana na usiku, bila likizo. Ikilegea, moyo hupoteza mpango. Niliichagua kwa sababu ambazo wakati ule niliziita za kimaadili: niliamini kwamba nchi isiyochunguza mioyo ya watu wake yenyewe itaendelea kuagiza ujuzi kutoka nje kama inavyoagiza mitumba. Maneno hayo niliyaandika kabisa katika utangulizi wa tasnifu yangu. Msimamizi wangu aliyakata kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Anza na protini."

Nyumbani, upande wa Iyula, hakuna aliyeweza kulitamka jina la utafiti wangu, kwa hiyo walilifupisha. Wakasema nasomea moyo. Baba mdogo, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari Tunduma na kuzungumza na wateja wake wa Zambia kwa Kibemba alichojifunzia dukani, alilifupisha zaidi: daktari wa moyo. Nilimsahihisha mara mbili. Mara ya tatu tulikuwa mbele ya watu, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba ninanyamaza kwa heshima.

Nilikuwa nachukua mioyo ya ng'ombe machinjioni asubuhi na mapema, naisaga ikiwa ndani ya barafu, kisha natenganisha utando wa seli hatua kwa hatua, hadi katika moyo wenye uzito wa mtoto mchanga nibaki na tone la kujaza kizibo cha kalamu. Matone hayo yaliishi kwenye jokofu. Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali, na jenereta ya idara ilikuwa na mafuta ya mikutano tu. Jumatatu moja tulifungua jokofu tukakuta utafiti wangu unanuka. Msimamizi alilifunga tena, akasema, "Nenda nyumbani ukaandike sura ya pili. Karatasi haihitaji umeme."

Ndivyo nilivyojikuta kwa bibi yangu, mama mzaa baba, nikiwa na mkoba wa makala na moyo uliojaa nia njema.

Wakati huo tulikuwa bado tunahesabiwa Mkoa wa Mbeya. Bibi aliishi peke yake katika nyumba ya matofali kati ya kahawa na migomba, na afya yake ilikuwa ndiyo habari ya ukoo. Moyo wake ulikuwa umepanuka, miguu ilivimba, na hospitali ilikuwa imempa vidonge vya aina mbili. Kimoja kilikuwa kidogo, cheupe, cha kuupa moyo nguvu na kuutuliza. Kingine kilikuwa cha kutoa maji mwilini. Kile cheupe nilikijua kuliko nilivyowajua baadhi ya ndugu zangu, kwa sababu hufanya kazi kwa kuikalia ileile protini yangu. Nilipoona jina lake kwenye bahasha ya dawa, nilihisi kama mtu aliyekutana ugenini na mwalimu wake.

Nilipiga magoti kumwamkia, nikapiga makofi taratibu kama tulivyofundishwa. Bibi aliitikia, akanitazama juu hadi chini.

"Mke mwenzangu amekuja," aliwaambia waliokuwapo. "Mwembamba hivi. Mzee wetu huko aliko atacheka."

Kwake mimi nilikuwa mke mwenza tangu nizaliwe, na utani huo ulimpa ruhusa ya kuniambia chochote. Sehemu kubwa ya maneno yake aliyasema kwa Kinyiha, na hapa nayatafsiri kadiri ninavyoweza.

Siku ya pili niliingia jikoni kwake kwa macho ya mtaalamu. Pembeni mwa mafiga kulikuwa na chungu kikuukuu chenye ufa chini, kimejazwa majivu. Bibi alichoma makapi ya maharage, magunzi ya mahindi na maganda ya ndizi, akayaweka majivu yake humo, akamimina maji juu. Chini yalidondoka maji yenye rangi ya chai isiyo na maziwa, yakaingia katika bakuli. Kwa maji hayo alipikia maharage, kande na majani ya maboga. Maharage yaliiva upesi na ngozi yake ikawa laini, jambo la maana kwa mtu aliyebakiwa na meno saba.

"Haya ni magadi, Bibi," nikasema.

"Magadi yanauzwa sokoni. Haya ni majivu."

"Ni kitu kilekile. Ni chumvi. Chumvi huvuta maji mwilini, na maji huulemea moyo."

"Nani kasema?"

"Wataalamu."

"Wamewahi kula maharage yangu?"

"Si lazima wale, Bibi."

"Basi wana bahati mbaya," akasema, akaendelea kuchochea moto.

Lakini hakubisha zaidi, na hilo lilinitia moyo. Jioni ileile nilimwaga majivu nyuma ya migomba. Chumvi ya dukani nilikuta amekwisha kuiacha kwa agizo la hospitali, kwa hiyo adui aliyebaki alikuwa mmoja tu. Kisha nikachora jedwali la dawa kwenye karatasi ya kalenda ya zamani na kulibandika ukutani, kwa maana nilikuwa nimegundua uovu mwingine: siku za gulio na siku za Jumapili Bibi alikuwa hamezi kile kidonge cha maji.

"Siwezi kwenda chooni mara nne katikati ya mahubiri," alijitetea. "Mchungaji atadhani nakimbia neno."

"Moyo hauna Jumapili, Bibi."

Alilitazama jedwali, akanitazama mimi, akameza kidonge.

Nilimpikia mwenyewe. Bila maji ya majivu maharage yalikaa motoni tangu asubuhi hadi saa tisa, na bado yalitoka magumu kama kokoto za barabarani. Nilipoona anayasukuma pembeni ya sahani niliyaondoa kabisa, pamoja na ndizi alizozoea kula nayo, nikaweka wali mweupe na mkate niliokuwa naagiza Vwawa. Mkate ule ulikuwa na chumvi kuliko chungu chote cha majivu, lakini ulikuwa na karatasi ya kiwandani, na mimi sikuwahi kuwafikiria waokaji kama maadui wa moyo.

Alhamisi ya kwanza wanawake wa kikundi cha maombi walikuja kusali kwake. Baba mdogo alikuwa amekwisha kueneza cheo changu hadi kwao, wakaniomba neno. Nikawachorea seli ya moyo kwenye daftari, na milango yake, na ioni zikipita, nikawaeleza jinsi majivu yanavyowaua wazee wetu kimyakimya. Walisikiliza kwa utulivu ambao sikuwahi kuupata kwenye semina yoyote chuoni. Wawili walirudi nyumbani kwao wakavunja vyungu. Niliandika jambo hilo kwenye shajara yangu kama ushahidi kwamba sayansi ikielezwa kwa lugha ya watu hupokelewa.

Wiki ya tatu Bibi aliacha kula.

Kwanza nilidhani ni mgomo. Nilimkumbusha kwa upole kwamba mwili huzoea. Akatapika uji. Nikamwambia ni kwa sababu ya tumbo tupu. Siku moja alitapika mara tu baada ya dawa za asubuhi, na mimi, kwa uangalifu uleule wa kujaza jedwali, nikampa kidonge kingine cheupe ili siku isipite bila alama. Hiyo ndiyo alama ninayoikumbuka kuliko zote nilizowahi kupata darasani.

Kesho yake alikuwa ameketi kibarazani akitazama uani.

"Mke mwenzangu, kuku hawa umewanunua lini?"

"Ni wako, Bibi. Wale weupe."

"Hawa ni wa njano."

Nikatazama. Walikuwa weupe. Nikamshika mkono kutafuta mapigo, nikahesabu kwa saa yangu. Pigo, pigo, kisha kimya, kisha pigo moja kama mtu aliyejikwaa. Hayakufika arobaini kwa dakika. Katika mkoba wangu, kwenye makala niliyokuwa nimepigia mistari kwa kalamu ya rangi, kulikuwa na sentensi iliyotaja kichefuchefu, mapigo yanayopungua kasi, na vitu kuonekana vya njano. Nilikuwa nimeipigia mistari miwili. Lakini katika kichwa changu sentensi ile ilihusu wagonjwa, nami nilikuwa nimeketi na bibi yangu.

Nilimpigia simu baba mdogo kutoka kwenye kichuguu, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Alifika mchana na pikapu, godoro likiwa nyuma. Njia nzima hadi hospitali nilimshikilia Bibi mkono na kuhesabu, na kila palipotokea kimya niliacha kupumua mimi.

Aliyetupokea alikuwa tabibu wa makamo, mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alisikiliza kifua cha Bibi kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti.

"Nani anampa dawa?"

"Mimi."

"Anaruka siku?"

"Haruki hata moja," nikasema, na nakiri kwamba nilisema kwa fahari.

"Kabla hujaja?"

"Alikuwa anaruka kidonge cha maji, Jumapili na siku za gulio."

"Anakula nini?"

Nikamweleza: wali, mkate, chai. Nikaongeza, ili ajue anazungumza na nani, kwamba nimemwachisha kabisa maji ya majivu.

Akaacha kuandika. "Majivu ya nini?"

"Makapi ya maharage. Magunzi. Maganda ya ndizi."

Baba mdogo aliona ni wakati wa kunitetea. "Mheshimiwa, huyu ni daktari wa moyo. Yuko chuo kikuu."

"Anasomea nini hasa?"

Nikataja jina la utafiti wangu. Halijawahi kuwa refu kama siku ile.

"Ni ile inayoingiza potasiamu ndani?" tabibu akauliza.

"Ndiyo."

"Na kidonge hiki cheupe hukaa wapi?"

"Juu ya hiyohiyo."

"Na potasiamu ikipungua kwenye damu?"

Nilijibu kama mtu aliye kwenye mtihani wa mdomo. "Dawa na potasiamu hugombania kiti kimoja. Potasiamu ikipungua, dawa hubaki peke yake, hushika zaidi. Dozi ileile hugeuka sumu." Nilisikia sauti yangu ikimaliza sentensi kabla mimi mwenyewe sijaielewa.

"Vizuri. Na kidonge cha maji hutoa nini pamoja na maji?"

"Potasiamu."

"Na majivu ya mimea yana nini?"

Kidato cha pili tulichuja majivu tukatengeneza sabuni, na mwalimu alituuliza ni madini gani yamo. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Sasa sikunyoosha chochote. Nilimtazama Bibi kwenye kitanda. Kila siku kidonge kilikuwa kinamtoa potasiamu, na kila siku chungu kile chenye ufa kilikuwa kinamrudishia. Nilikuwa nimekaza upande mmoja kwa jedwali, na upande wa pili nimeumwaga nyuma ya migomba, pamoja na maharage na ndizi.

"Sikulaumu," tabibu alisema, ingawa sikuwa nimemwomba asinilaumu. "Mgonjwa mwenye figo mbovu ningemkataza majivu hayo mimi mwenyewe. Lakini huyu figo zake zinafanya kazi. Ungeuliza kwanza."

"Atapona?"

"Nisikudanganye. Moyo huu unaweza kusimama leo, au kesho ukaendelea kama kawaida. Kidonge cheupe tunakisimamisha, na cha maji pia. Kipimo cha madini kwenye damu hatuna, na vidonge vya potasiamu vimekwisha. Tafuteni. Wewe kaa hapa uhesabu mapigo. Ukiona yanazidi kupungua, niite."

Baba mdogo aliondoka kuelekea Tunduma, akavuka hadi Nakonde upande wa Zambia, akaingia duka moja la dawa hadi lingine akisema "mukwai" yake ya heshima na kuonyesha karatasi ya tabibu. Alirudi asubuhi yake na vidonge vikubwa vya rangi ya chokaa, na mkungu mdogo wa ndizi begani, kwa sababu tabibu alikuwa amemwambia kwamba hata hizo zinasaidia. Mimi nilibaki na mkono wa Bibi. Chuoni nilikuwa na kifaa cha kusoma kazi ya protini ile kwa namba tatu baada ya nukta. Hapa nilikuwa na kidole na saa ya mkononi. Thelathini na nane. Thelathini na saba. Thelathini na tisa. Sikuwahi kuitaka potasiamu ipite mlangoni kwa moyo wangu wote namna ile, na sikuwahi kujua kidogo namna ile kama inapita.

Siku ya pili mapigo yalipanda hadi arobaini na nane, na vile vimya vikawa vinaachana mbali. Siku ya nne yalikuwa sitini, na Bibi akaomba ugali. Tabibu akasema hatari imepita.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuungama kwa mpangilio wa tasnifu: tatizo, chanzo, matokeo. Nilipoketi kitandani yote yalikimbia.

"Bibi, ni mimi niliyekufanya hivi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Wiki ya pili. Kinywa kilikuwa kichungu, miguu haina nguvu. Nikasema, huyu mke mwenzangu amechoka kungoja urithi."

"Mbona hukukataa?"

Alinitazama kama anayeshangaa kwamba jambo dogo hivyo halifundishwi. "Ningekataaje? Ukoo mzima umekutuma shule. Umekuja, umesema neno lako la kwanza, mimi nikalikataa mbele ya watu? Wangeuliza shule yenyewe ilikuwa ya nini." Akamenya ndizi taratibu. "Nilikuwa nasubiri ufunguliwe chuo. Ungepanda basi, mimi ningechoma makapi yangu. Ila ulikawia."

Nilikuwa nimeusoma utii wake kama ushindi wa hoja, kumbe ulikuwa ulezi: alikuwa anailinda elimu yangu, na katika kuilinda karibu afe. Nililia. Aliniacha nilie kidogo, kisha akasema nimmenyee nyingine.

Tuliporudi Iyula sikuweza kungoja Alhamisi. Wale wanawake wawili waliovunja vyungu walikuwa hawamezi dawa yoyote, na hakuna lililowapata zaidi ya maharage magumu. Lakini mmoja alikuwa ameacha kumpikia maharage mama mkwe wake, mzee mwenye miguu iliyovimba na bahasha ya vidonge kama vya Bibi. Nilikwenda kwake kwanza. Bibi alisisitiza kuja. Tulitembea hatua ishirini, tukapumzika, hatua ishirini, tukapumzika, na kila kituo nilimshika mkono na kuhesabu.

Nilimweleza jirani kila kitu. Nilisema nilikosea, kwamba maji ya majivu siyo magadi, kwamba mzee wake apelekwe hospitali akapimwe mapigo na figo, na aulizwe anachokula kabla ya mtu yeyote kumwachisha au kumrudishia kitu. Hotuba yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo na ilikuwa na mchoro. Hii ilikuwa ya kweli, nami nilikuwa na mikono mitupu.

Jirani alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Mwanangu," akasema, "naona hospitali wamekukaripia. Wamekwambia utuachie majivu yetu kwa kuwa sisi ni wa kijijini. Sisi tulikuelewa siku ile. Tutaendelea hivyohivyo."

"Lakini nilikosea, mama."

"Msomi hawezi kukosea kitu alichokichora."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameketi juu ya gogo akipata pumzi, mkono mmoja kifuani. Alizungumza kwa Kinyiha, bila haraka.

"Binti huyu tumemsomesha mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza Dar es Salaam. Mara ya pili juu ya mwili wangu. Ya kwanza sijui walimfundisha nini. Ya pili nilikuwapo. Mpeleke mama mkwe wako leo, mwenye pikapu bado yuko kwangu anakula."

Jirani alimtazama yule mgonjwa wa juzi aliyefika kwake kwa miguu. Hakuniuliza mimi tena kitu. Aliingia ndani kumwandaa mama mkwe wake, nami nikateremka mbio kumwambia baba mdogo asiondoke.